Viazi vya Rangi ya Kijani

Mwaka nilioolewa Makambako, serikali ya Mwingereza ilituletea kutoka Njombe kijana mmoja wa Kizungu aje kuupanga mji. Alitandaza ramani mezani mbele ya maduka ya Wahindi, akaigandamiza kwa mawe upepo usije ukaichukua, akatuonyesha rangi. Nyekundu, kule mlimani, Wazungu. Njano, kando ya barabara, Wahindi. Kijani, bondeni ng'ambo ya kijito, sisi pamoja na soko letu.

"Kila watu na mahali pao," alisema.

Mama mkwe wangu, aliyeuza viazi pale barabarani tangu sijazaliwa, akamwuliza, "Bwana, hapo pa kijani umepaona wakati wa masika?"

"Patakauka," akajibu.

Nilidhani mama atagoma. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Hatugomi, mwanangu. Tutatii mpaka wachoke wao."

Masika yakaingia. Tukashuka bondeni na vikapu vyetu, tukakaa juu ya magogo huku matope yakitulamba miguu. Wanunuzi hawakuja. Wahindi walikula dengu asubuhi na jioni. Mlimani sijui walikula nini.

Hatimaye akaja mpishi wa yule kijana, suruali ameikunja magotini. Mama mkwe akamsalimu vizuri kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, baba," kisha akafunika kikapu kwa kanga.

"Hivi ni viazi vya kijani. Wewe unawanunulia watu wa nyekundu. Tukifungwa je?"

Mpishi akapanda mlima na kikapu kitupu.

Kesho yake akashuka bwana mwenyewe. Hakufika mbali. Matope yalimmeza mguu mmoja, alipojaribu kuuchomoa yakammeza na wa pili. Tukamwendea wanawake wanne, tukamshika mikono. Mama mkwe, akiwa amemkumbatia kiunoni, akamwuliza kwa heshima zote, "Bwana, tukuvutie upande gani? Kwako ni mbali."

Niliuma kanga nisicheke, nikashindwa. Mguu ukatoka, buti likabaki. Kijana akatutazama, akatazama soksi yake, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Akanunua viazi, akavibeba katika kofia yake.

Soko likarudi barabarani kabla mvua hazijakatika. Nyumba zetu, zilizokwisha kuhamishiwa bondeni, hazikurudi. Rangi ile ilitung'ang'ania miaka mingi, na bomba la maji lilipoletwa lilipanda mlimani kwanza. Lakini mama mkwe hakumwachilia yule kijana. Kila alipokuja sokoni alimwuliza habari za nyumbani, habari za mama yake huko Ulaya, halafu habari za bomba. Alipochoka kuulizwa, akatuwekea moja palepale sokoni. Wake wa Wahindi, wapishi wa mlimani kila bomba lao lilipokauka, na sisi tukawa tunapanga foleni moja, tukigombana kwa Kiswahili kibovu, kila mtu akiapa kwamba ndiye aliyetangulia kufika.