Perpetua na ukurasa niliouweka kiporo

Haijaniingia akilini. Leo asubuhi nimemtumia Perpetua meseji, "Umeamka? Kuna mtu analalamika kuhusu error," na imeshakwenda kabisa ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tulimzika kijijini kwao, Gare.

Kwa msiomjua: Perpetua alikuwa mwenzangu wa kazi. Tulikuwa wawili tu, chumba kimoja Lushoto mjini juu ya duka la pembejeo, tukitengeneza library ndogo ya kompyuta, yaani furushi la programu, inayosaidia vipima mvua kutuma taarifa hata mtandao ukikatika.

Ilikuwa homa. Siku nne. Sina maelezo zaidi ya hayo, naomba msiniulize inbox.

Alikuwa anavaa masweta mawili na bado anafungua dirisha. Mimi mtu wa Tanga natetemeka, yeye ananiambia, "Kaka, hii siyo baridi, hii ni hewa."

Kwenye code, yaani kuandika programu, nilimzidi. Naandika hivyo kwa sababu angekuwepo angekubali, halafu angeongeza, "Lakini kuandika maelezo hujui."

Alikuwa sahihi. Ukurasa wetu wa debugging, yaani ule unaomwambia mtu afanye nini mambo yakigoma, niliuandika mimi miaka mitatu iliyopita. Unamwambia msomaji awashe swichi fulani kwenye faili la mipangilio, kisha asubiri ujumbe.

Hiyo swichi tulishaiondoa zamani. Niliiondoa mimi mwenyewe, na ukurasa sikuugusa.

Siku moja akapiga mwalimu wa Magoma, anayetunza kipima mvua cha shule yao. Alikuwa ameandika jina la swichi isiyokuwepo, akasubiri siku mbili. Nilimsikia kwenye spika: "Samahani dada, nadhani mimi ndiyo kichwa kigumu. Nimeusoma ukurasa wenu mara sita."

Perpetua akamjibu, "Hapana mwalimu, usiombe samahani." Akakata simu, akanigeukia.

Kesho yake akateremka Magoma. Alikuwa na utaratibu wake: anampa mtu maelekezo, anakaa pembeni, mikono kaikalia. Yeye mwenyewe haruhusiwi kugusa keyboard wala kusema "bonyeza hapo". Mtu akikwama, kosa ni la maelekezo.

Aliporudi akanifanyia na mimi. Nilikwama hatua ya pili ya ukurasa nilioandika mwenyewe. Jamani! Alicheka mpaka akatoka nje.

Akaandika ukurasa mpya wote. Akanitumia niupitie, maana kwa sheria yetu hakuna kinachoingia kwenye library mpaka mwingine akubali.

Nikamwambia nitaupitia kesho. Kesho hiyo ikawa wiki saba.

Kazi zilikuwepo, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba niliufungua, nikaona amefuta maneno yangu yote, nikanuna. Mtu mzima kabisa.

Hakunipigia kelele. Kila Jumatatu aliniuliza mara moja tu, "Kaka, ule ukurasa?" Namjibu, "Upo kwenye foleni." Foleni yenyewe ilikuwa na kitu kimoja.

Gare kulikuwa na ukungu, kwaya iliimba vizuri, watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Mwalimu wa Magoma alikuja, amepanda magari mawili. Mimi sikulia. Huwa sina machozi ya mbele za watu.

Baada ya maziko nilienda kumpa pole mama yake. Alikuwa anaongea Kishambaa na akina mama wenzake, akanigeukia aliponiona.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Asante. Ni wewe uliyekuwa unafanya naye kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kuna karatasi alikuwa anasema amekupa, hujaisoma. Umeshaisoma?"

Ningeweza kusema ndiyo, asingejua. Nikasema, "Bado, mama."

"Haya," akasema. "Utaisoma." Bila hasira yoyote. Hapo ndipo iliponiuma, na mpaka sasa inauma.

Jana nimeusoma. Nimechukua kipima mvua kilichogoma, nimekiweka mezani, nimefuata hatua moja moja bila kujifanya najua. Nimefika mwisho bila kukwama. Ni ukurasa mzuri kuliko wangu, na uliandikwa na mtu aliyekaa na mtu mwingine akamtazama anavyohangaika.

Wangu ulikuwa unaishia hivi: "Kama bado haifanyi kazi, hakikisha umefuata maelekezo." Nimeona aibu kuurudia hapa, ila nimeurudia.

Wa kwake unaishia: "Ukifika hapa na bado inagoma, kosa siyo lako. Nipigie mimi, Perpetua." Halafu namba yake ya simu.

Nilipitia ukurasa mzima nikitafuta cha kurekebisha. Kilikuwa hicho tu. Wiki saba zilizopita, aliponitumia, mstari huo ulikuwa wa kweli.

Nimefuta namba yake, nimeweka yangu. Nikarudi kwenye jina. Hapo nilikaa muda, chai ikapoa, kisha nikalifuta nalo na kuweka langu. Mengine yote yameingia kama alivyoyaandika, na juu kabisa pameandikwa nani kayaandika.

Peti, ukurasa wako nimeukubali. Nilikuchelewesha kwa kiburi, wala si kwa kazi, na nakumisi sana. Pumzika, dada yangu. Wakipiga, nitapokea mimi.