Mkono Ambao Haujatumia Bahati Yake

Mama yangu aliletwa kwetu Nkwenda baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia, na hata kabla hajaketi aliuliza ni lini angerudishwa kwake Ihembe. Hakuuliza kwa kulalamika. Aliuliza kama abiria anayetaka kujua gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Kaka yangu, aliyemleta, alitazama pembeni. Baadaye, tukiwa nje, aliniambia kwamba mkono ule usipoamka, nyumba ya Ihembe itafungwa na shamba atapewa mtu mwingine alilime, kwa kuwa mwanamke wa umri ule hawezi kukaa peke yake kati ya migomba na mibuni kwa mkono mmoja. Mama naye, bila kuambiwa na yeyote, alijua.

Hospitalini tulipewa mpira mdogo laini wa kuminya kila siku, ili vidole visisahau kazi. Mama aliuminya mara moja, akauweka dirishani.

"Nimelea watoto wote hao, leo ndiyo nianze kuchezea mpira?"

Nilimsihi, nilimkaripia kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kumkaripia mzazi, nilimwombea. Mkono uliendelea kulala pajani pake kama kitu alichoombwa amshikie mtu mwingine.

Binti yangu alikuwa nyumbani akisubiri kwenda chuo, naye alikuwa na shughuli yake. Alicheza gemu ya simu ambamo shujaa huzunguka porini akipigana na madubwana, na kila dubwana likianguka huacha boksi. Hakuna ajuaye kilichomo mpaka alifungue. Mara nyingi ni mikate au mishale. Kwa nadra sana, hutoka ng'ombe mweupe wa kupanda, mwenye pembe ndefu kupita kimo cha shujaa mwenyewe. Binti yangu alikuwa akimtafuta ng'ombe huyo tangu kidato cha tano, na kwa sababu hakuja, alikuwa amejitungia sheria. Boksi halifunguliwi shujaa akiwa amegeuzia jua mgongo. Simu sharti ilale juu ya mbao, si juu ya chuma. Ng'ombe hatajwi, huitwa "yule". Wenzake wa Rugu, aliocheza nao kwa mtandao, nao walikuwa na miiko yao, na kila mmoja aliicheka ya mwenzake huku akiishika ya kwake.

Mimi nafundisha hisabati. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya darasa nikirusha sarafu hewani, nikiwaonyesha wanafunzi kwamba sarafu haikumbuki iliangukaje mara iliyopita. Nilimweleza binti yangu kwamba ndani ya simu kuna hesabu tu, na hesabu haioni jua wala mbao.

"Najua, mama," alinijibu bila kuinua macho. "Na wewe kila matokeo ya darasa lako yanapotoka, mbona lazima uvae kile kitenge cha kijani?"

Mama alicheka kutoka kwenye kiti chake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aje.

"Boksi gani hilo mnaloligombania?" aliuliza.

Binti alisogeza kigoda, akamwonyesha picha ya ng'ombe. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Pembe zile alizijua. Baba yake alikuwa nazo zizini.

"Huyu hapatikani kwa fujo," alisema. "Mnampiga mwenye nyumba, kisha mnataka zawadi. Mgeni wa namna hii anapokelewa."

Kwetu mgeni hupokelewa kwa punje za kahawa ya kutafuna, na mama hakuwahi kusafiri bila za kwake. Tangu siku hiyo, kabla ya boksi kufunguliwa, kila aliyekuwapo alitia punje moja kinywani. Mama alifungua boksi la kwanza kwa mkono wa kushoto. Likatoka mkate.

"Unaona, mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, kwa utani wao wa siku zote. "Mkono huu siku hizi unafanya kazi ya wawili, bahati yake imekwisha. Tujaribu huu uliolala. Haujatumia bahati yake."

Binti aliuinua mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akakiweka kidole juu ya kioo. Kidole kililala tu, simu haikuelewa. Walijaribu tena, na tena kesho yake, hadi siku moja boksi likafunguka na ndani mkawa na ngao ya fedha, kitu ambacho binti yangu hakuwahi kukipata. Mama alinitazama kwa ushindi. Binti naye alinitazama, akisubiri kama ningesema neno kuhusu sarafu. Nilirudi jikoni.

Ikawa desturi yao. Barazani, baada ya chakula cha mchana, mkono ule ulijifunza kugusa, kisha kuvuta, kisha kumwongoza shujaa kandokando ya mto. Mwenye duka tuliyenunua bando kwake, mzee wa asili ya pwani, alikuwa akimsalimu kutoka barabarani.

"Bibi, ng'ombe hajafika tu?"

"Yuko njiani, anakula migomba ya watu!"

Kisha ikaja mikate. Mikate siku baada ya siku, bila hata mshale. Alasiri moja mama aliisukuma simu kando.

"Huu mkono hauna kitu," alisema. "Umekufa kweli. Mwambie kaka yako afunge nyumba."

Hakuigusa tena. Binti alimbembeleza, akatishia hata kuifuta gemu yote, lakini mama aligeuza uso ukutani. Mkono ukarudi pajani. Niliyaona yote yaliyopatikana yakianza kutuponyoka, na nilijua kuna uongo mtamu ambao ungeweza kumrudisha: kwamba bahati inakusanyika, kwamba imebaki kidogo tu. Ulinifika hadi mdomoni. Niliketi karibu yake, nikaushika ule mkono.

"Mama, boksi halijui limeguswa na mkono gani. Kulia au kushoto, kwake ni sawasawa. Hata ungefungua wewe, au mimi, au mwenye duka, mikate ingetoka vilevile."

Aligeuka kutoka ukutani.

"Kwa hiyo si kosa lake?"

"Si kosa lake."

Aliutazama mkono kama mtu anayemtazama mtoto aliyemchapa bure. "Basi nimeuonea," alisema, na kwa sauti ya chini aliuomba radhi kwa Kinyambo. Kisha akamwita mjukuu wake alete simu.

Miaka yote niliyolifundisha somo hilo sikuwahi kufikiri kwamba ndani yake mna msamaha.

Ng'ombe alikuja siku ya mvua, tukiwa sebuleni tunakunywa chai. Boksi lilianguka ghafla, na mama, kwa pupa, akaligusa kwa mkono wa kushoto. Binti yangu aliruka, akapiga ukelele hadi kuku wakatawanyika barazani.

"Yule! Bibi, yule!"

Mama alikunja uso. "Wa kushoto! Mwizi mkubwa huu. Mwenzake anahangaika, wenyewe unakuja kuvuna."

Mimi sikumtazama ng'ombe. Nilikuwa nikitazama kikombe cha chai, ambacho mkono wa kulia ulikuwa umekishika hewani, hakitikisiki, bila mwenyewe kujua.

Nilimpigia kaka simu jioni ile ile.

"Anaendeleaje?" aliuliza.

"Ana haraka. Njoo umchukue."

Kaka alipofika, alimpa mama mkono kumsalimu, naye akaubana kwa mkono wake wa kulia hadi kaka akasema basi. Nguo za mama zilikuwa zimeshafungwa kwenye khanga, mlangoni. Fundo lilikuwa limelegea, limekaa upande, fundo la mtu aliyelifunga mwenyewe. Kaka aliinama kulikaza, nikamgusa bega aache. Aliubeba mzigo vilevile ulivyokuwa, kwa mikono miwili, hadi kwenye gari.