Sanduku Alilolishusha Mabruki Bwawani

"Humdanganyi mume wangu, mama. Kwa hili, hapana."

"Nani kasema namdanganya? Nitamwambia kaburi limeonekana, limekaa vizuri, basi. Mtu akalala usingizi. Kuna kosa gani hapo?"

"Kosa ni kwamba halikuonekana."

Mwanahawa nimemzaa mwenyewe, tena kwa tabu, lakini alasiri ile alinitazama kama mbuzi aliyekutwa ndani ya unga. Kati yetu, juu ya kigoda, alikaa Damas wa misheni, kofia mapajani, na ndani ya kofia kijikopo chenye mkanda wa sinema. Mkanda ule ulikuwa umepelekwa kusafishwa ng'ambo, tukaungoja masika yote. Sasa umerudi. Damas alikuwa ameshautazama ukutani kwao misheni, mwanzo mpaka mwisho, akakuta weupe mtupu, kama mtu aliyepiga picha uji.

"Hata kivuli?" nikamwuliza.

"Hata kivuli, bibi."

"Labda ukuta wenu mbovu."

"Ukuta mzima, bibi."

Tuliyekuwa tukimgombania hakuwapo. Ni mkwe wangu Mabruki, fundi bati. Kwa mtu aliyepita Isevya, hapa Tabora, miaka ile bila kumfahamu, nitasema hivi: babake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani akarudi na kikohozi. Mabruki yeye hakutaka kubeba kitu kichwani, akajifunza kulehemu pale Kanyenye. Koroboi, makarai, makopo ya asali, vyote alitengeneza kwa madebe ya mafuta ya taa. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mkwe wangu aliwahi kumlehemu jogoo aliyevunjika mguu, na jogoo akawa akitembea unasikia ngo, ngo, ngo. Mabruki akisikia hucheka kwa pua tu. Hajawahi kunikanusha mbele za watu, na hiyo kwa mkwe ni heshima kubwa.

Alimwoa Mwanahawa wakaishi kijijini kwetu, kando ya njia ya zamani ya misafara, kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa na mizinga mingi ya nyuki huko porini na alitaka mtu wa kumtengenezea makopo. Walipata mtoto mmoja, wakampa jina langu, Tatu. Surua ikamchukua kabla hajaota meno ya ukubwani. Tukamzika bondeni, karibu na mninga mmoja mrefu, na Mabruki akamzungushia kaburi mawe aliyoyachagua moja moja, kama anayechagua maharage.

Kisha ikaja Operesheni, watu tukahamishiwa kijiji kipya. Malori yalikuja asubuhi, jioni nyumba hazina paa. Baadaye likajengwa bwawa la ng'ombe na la kunywa watu. Tuliambiwa maji hayatafika makaburini, na nadhani waliosema waliamini wenyewe. Masika ya mwaka ule hayakuambiwa. Bonde lote likajaa, mninga ukafia ndani ya maji umesimama.

Mabruki alikuwa mjini kutafuta bati. Aliporudi akakuta ziwa.

Hilo lenyewe angelivumilia. Lakini mchungaji mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko fimbo yake akamwambia kwamba kabla maji hayajapanda, ng'ombe walipita pale siku nyingi, wakayavuruga makaburi, mawe yakasambaa. Toka siku hiyo Mabruki hakulala. Tulihamia Isevya, akafungua kibanda, lakini kila Ijumaa baada ya sala anapanda baiskeli mpaka bwawani, anakaa ukingoni anatazama maji. Anarudi hajala. Mashavu yakaingia ndani. Swali lake lilikuwa moja: mtoto amelala vizuri, au ng'ombe wamemkanyaga? Hajui kuogelea, na ni nani wa kwetu anayejua?

Damas ndiye aliyekuwa na kamera. Padri mmoja aliyerudi kwao alimwachia: ndogo, ya kutia ufunguo kama saa, na mkanda mmoja ndani yake uliobaki. Alikuja kibandani kuziba sufuria, akamwonyesha Mabruki. Mabruki akaigeuzageuza, akauliza jambo moja tu.

"Ikiingia majini?"

"Inakufa."

"Na ikivaa?"

Ndipo akaanza kuishonea nguo ya bati. Alikata debe, akalikunja sanduku, akalehemu kila ukingo mara mbili. Kioo cha mbele alikitoa kwenye fremu ya picha yao ya harusi. Mwanahawa alinung'unika siku mbili, kisha yeye mwenyewe akakiosha kwa majivu. Mfuniko aliuwekea ukanda wa mpira wa tairi. Kidude cha kuifyatua kamera alikifunga waya, akaupitisha kwenye tundu lenye mpira wa valvu ya baiskeli, ili uvutike na maji yasipite. Kila palipobaki ufa akaziba kwa nta. Nta yetu ya Tabora, iliyochemshwa na utomvu isije ikayeyuka.

Akalijaribu kwenye pipa la maji uani, ndani ya sanduku ametia chumvi iliyofungwa kitambaani. Lilishinda humo kutwa, na chumvi ikatoka kavu inamwagika. Lakini lilikuwa haligusi chini ya pipa, linaelea kama bata, mpaka akalifungia pasi mbili za mkaa za mke wake. Mimi nikawaambia majirani kwamba kambale aliyekuwa ndani ya pipa alijitazama kwenye kile kioo akachana masharubu. Watoto wakaja kumtafuta. Hata Mabruki alicheka, na kicheko chake nilikuwa nimekisahau.

Siku ya kwenda tulikwenda wote. Alikuwa ameunda chelezo cha madebe matupu, cha kuelea juu ya maji. Maji yalikuwa yametulia, jua liko utosini. Alipiga magoti ukingoni, akawasha makaa kwenye chetezo, akatia ubani.

"Hiki kinakwenda kumtembelea mwanangu," akasema. "Hakiendi mikono mitupu."

Akalifukiza lile sanduku ndani kama tunavyofukiza sanda, moshi umejaa pomoni, akaweka kamera, akafunga mfuniko upesi harufu isitoke, akaziba kwa nta. Damas alisimama pale pale. Kwao kanisani nao huchoma ubani. Aliinamisha kichwa, akafanya ishara yake ya msalaba.

Wakaenda na chelezo mpaka kwenye mninga mkavu, wakashusha kamba, Mabruki akavuta waya. Kutoka ukingoni nilimwona ameinama, midomo inacheza. Nadhani alikuwa akimsimulia mtoto habari za nyumbani.

Sanduku lilipotoka halikuwa na tone la maji ndani. Tone hata moja. Mabruki alilibusu.

"Moshi," Damas alikuwa anatueleza sasa, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi wa mwenzake. "Ulibaki ndani, ukakishika kioo. Kamera ilipiga picha ya moshi wa ubani. Mkanda mwingine sina, na dukani haupo, nimeuliza mpaka Dar es Salaam."

"Na maji sasa ni tope," akasema Mwanahawa.

"Basi ndiyo maana," nikasema. "Mmoja wetu aone kwa niaba ya wengine. Niacheni mimi. Nitamwambia kwamba Damas alitutazamisha, sinema ikakatika, lakini tuliona mawe yote yamezunguka. Nitamwambia na samaki wadogo wanalinda. Mimi nimedanganya watu bure maisha yangu yote. Huu mmoja una kazi."

"Mama."

"Atakula. Atalala. Hutaki alale?"

Mwanahawa aliivuta kanga yake begani. Hakupandisha sauti, nami ningependa angeipandisha.

"Na mimi utaniambia nini?"

"Wewe?"

"Kila siku mnasema Mabruki, Mabruki, Mabruki halali. Mtoto nilimbeba mimi. Kioo changu cha harusi nilikiosha mwenyewe. Nilikuwa nangoja kuona, mama, kama yeye. Yeye ukimdanganya atalala, na mimi nitalala kando yake nikijua. Kila usiku atanisimulia hao samaki wako."

Damas alitazama kofia yake. Wale samaki nikawaacha hapo hapo.

"Basi umwambie wewe," nikasema.

"Siwezi."

"Damas?"

"Bibi, mimi siwezi. Niliuona moshi ule kwa macho yangu, nikaona ni mzuri, sikumzuia."

"Haya, basi tumwambie kwamba—"

Nje mtu alikohoa, kama mkwe anavyokohoa akijua mama mkwe yumo ndani. Pazia likasogea. Mabruki alikuwa ameoga, amevaa kanzu ya Idi siku ya kazi, na kofia nyeupe.

"Nimeona baiskeli ya Damas, nikajua mkanda umerudi," akasema. "Shikamoo, mama."