Alhamisi za Babu Des

Siku sita za juma Desmond Kilgour hakuona sababu ya kunyoa ndevu. Siku ya Alhamisi alinyoa, akavaa shati lenye kola, akaenda kuwachukua wajukuu zake kwa binti yake Bronwyn. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa plasta, na nusu ya nyumba za mtaa wao wa Corrimal zina kuta alizozilainisha yeye. Lakini ukuta haumtembelei mtu, na tangu mkewe Maureen afariki, simu yake ililia tu wauza bima walipokosa mwingine wa kumsumbua. Alhamisi ndiyo iliyokuwa ikimweka hai, na hapo sijatia chumvi hata kidogo.

Sasa kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Alijua mwenyewe, na hakumwambia mtu. Alishakuta birika lake ndani ya jokofu. Alishakwenda kubisha hodi kwenye nyumba waliyoiuza zamani, na wenyewe wakamrudisha kwake kwa upole ambao aliuchukia kuliko matusi. Bahati mbaya Bronwyn alikuwa muuguzi katika makao ya wazee, na mambo kama hayo alikuwa akiyaona kila siku kazini. Alhamisi moja asubuhi alimsimamisha mlangoni.

"Leo mnakwenda wapi, Baba?"

"Kituo cha sayansi cha watoto, na ule uwanja wake wa kuchezea. Mbona kama unanitahini?"

"Nauliza tu. Ila sikiliza. Likitokea lolote na watoto, hata dogo, Alhamisi zimekwisha. Nitawatafutia pa kushinda. Sitaki tugombane."

"Nimekulea wewe na ukaidi wako wote, na hukupotea hata siku moja."

"Nilipotea ufukweni, Baba. Mara mbili."

Des akacheka, akawashika mikono watoto, Tilly ambaye angeanza shule mwakani na Raff aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye nepi. Moyoni aliapa kwamba leo hatakosea, hata iweje.

Na kwa muda mrefu hakukosea. Ndani ya kituo Tilly alisimama katikati ya povu kubwa la sabuni mpaka likampasukia puani. Raff aling'ang'ania bomba lililopuliza upepo juu, na mpira ukaning'inia hewani bila kushikwa na mtu.

"Babu, kwa nini hauanguki?" Tilly akauliza.

"Mpira unaogopa. Tumelipa kiingilio."

"Si kweli. Yule dada wa kituo amesema upepo unaushikilia."

"Basi kama unajua, unaniuliza nini, mwalimu?"

Walipotoka kwenda uwanjani aliwapaka mafuta ya jua, akawavalisha kofia, maana huko mtoto asiye na kofia hachezi. Raff alikuwa na ile ya bluu yenye kitambaa kinachofunika shingo na masikio. Walikula chipsi kwenye benchi, na ndege mmoja mweupe wa majalala, mwenye mdomo mrefu na asiye na haya hata chembe, akamnyang'anya Raff moja mkononi. Des alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alifurahi kweli, na nafurahi kwamba alifurahi.

Baadaye watoto wa chekechea fulani walimiminika uwanjani, wote na kofia za bluu kama ya Raff. Des alipoona jua limesogea, akainuka.

"Haya, twendeni. Mama yenu anangoja."

Akaushika mkono mdogo uliokuwa karibu, akaelekea getini akisimulia habari za yule ndege. Alikwishafika getini Tilly alipomkimbilia kutoka nyuma.

"Babu, huyo si Raff."

Des akachutama. Akakifunua kile kitambaa, akautazama uso wa mtoto vizuri, bila haraka. Alimwona Raff.

"Ni Raff huyu," akasema.

"Raff yuko kwenye bembea, Babu. Yule pale, analia."

Mwanamke mmoja wa ile chekechea akaja mbio, akamkwapua mtoto. "Unampeleka wapi huyu?"

"Samahani," Des akasema. "Ni kofia tu."

Mwanamke alikuwa na maneno mengi mdomoni. Akamtazama Des vizuri, na hasira ikamwisha, na hapo ndipo Des alipotamani ardhi ipasuke immeze.

"Mzee, una mtu wa kukuangalia?"

"Yuko na mimi," Tilly akajibu.

Kwenye basi Tilly aliketi katikati, amemshika Raff mkono huu na babu yake mkono ule. Des alitaka kumwomba asimwambie mama yake. Alifungua kinywa, akamwona alivyokaa wima akihesabu vituo, akashindwa. Akabaki kumwangalia Raff, akitafuta usoni pale kitu cha kushika kichwani, pua au kidevu, na kila alipogeuka dirishani kilimponyoka.

Bronwyn aliwafungulia mlango. "Kulikuwaje?"

"Vizuri sana," Tilly akasema kwa fahari, maana alikuwa amejiandaa kumtetea babu yake njia nzima. "Babu hakumpoteza Raff. Alimchukua tu mtoto mwingine, na tukamrudisha."

Bronwyn alimvua Raff kofia, akamlaza nywele zilizolowa jasho. Alikawia kuinua macho. Des alikuwa na mzaha tayari kuhusu ufukwe, akasubiri akaripiwe ili autoe. Hakukaripiwa.

"Ingia ukae, Baba," Bronwyn akasema taratibu, kwa sauti ya juu kidogo, akitamka kila neno peke yake. "Angalia ngazi. Eeh, hivyo hivyo. Alhamisi ijayo usisumbuke, sawa? Mimi ndiye nitakayekuja kukuona."

Des aliwahi kuisikia sauti hiyo, siku alipomtembelea binti yake kazini, kwenye makao ya wazee. Akainua mguu kama alivyoambiwa.