Sauti ya Mwalimu Matayo Niliyoifuta

Kuna Jumatano moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu watu walikula mpaka wakachoka. Weka hiyo bisibisi chini kwanza. Nimekuona unavyofungua mashini za watu kabla mwenyewe hajamaliza hata kusalimia. Nami nilikuwa hivyohivyo, tena nilikuzidi.

Wakati ule nilikuwa nakaribia miaka thelathini, nafanya kazi kwa marehemu Baba Shabani, hapahapa Rumonge mjini, katika sekretaria yake: kuchapa barua za watu, kutoa fotokopi, kutengeneza kompyuta. Kazi yote alinifundisha yeye, lakini nilishaanza kumwona anachelewa mno. Mtu akileta mashini, mzee anampa kiti, anamuuliza ilianza lini kugoma, ilikuwa imewekwa wapi, nani aliigusa mwisho. Nikawa najisemea, huyu anatengeneza kompyuta au anaposa? Siku hizo mashini yoyote iliyogoma kuwaka tulisema ina virusi, na dawa ilikuwa moja tu, kupiga windows upya. Unafuta kila kilichomo, unaweka programu mpya, mtu anaondoka anacheka. Watu wa sokoni waliniita Dokta, na mimi, masikini, nikaitika.

Jumatano hiyo Baba Shabani alikuwa amekwenda kuzika Minago. Akaingia mama mmoja aliyesukuma baiskeli kutoka Gatete, nyuma amefunga kasha la kompyuta ndani ya kitenge. Alikuwa Mama Evelina, mjane wa Mwalimu Matayo. Kiswahili chake kilikuwa laini, cha Tanzania, maana walikaa ukimbizini huko miaka mingi kabla ya kurudi.

"Dada, naomba unisaidie," aliniambia. "Haifunguki. Inaleta maandishi tu. Na Jumamosi tunaganduka, sasa humo ndani..."

"Mama, iache hapo," nikamkata. "Urudi saa tisa, utaikuta nzima."

Alisimama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilishampa mgongo. Ningemwacha amalize, ningeyasikia mapema haya niliyokuja kuyasikia nikiwa nimechelewa.

Mwalimu Matayo alikufa kwa ugonjwa wa koo, akaacha mabinti watatu, mtoto wa kiume hakuna. Alikuwa na shamba la michikichi alilolipanda mwenyewe aliporudi. Kaka yake mkubwa, Nikodemu, alikuwa akisema waziwazi kwamba shamba la ukoo haliendi kwa wasichana. Mwalimu alijua akiandika karatasi itaitwa ya uongo. Basi akakaa mbele ya mashini, sauti ingalipo, akasema yote: mpaka wa shamba unapita wapi, michikichi ipi ya nani, na kwamba ni ya mke wake na mabinti zake. Akamtaja Nikodemu kwa jina. Mkewe alikaa pembeni akimshikia kikombe cha maji. Na kuganduka unakujua, ndiyo siku ya kumaliza msiba kabisa, ukoo mzima unakaa, maneno ya marehemu yanasemwa mbele ya wote na mali inapata mwenyewe. Sauti ile ingesikilizwa siku hiyo. Mama yule hakuwa na kitu kingine cha kumkinga.

Haya, mimi nikachomeka waya wa umeme, nikachomeka skrini, nikawasha. Yakatoka maandishi ya Kiingereza, mistari miwili, meupe kwenye weusi. Sikuyasoma. Nilikuwa nimeyaona mara mia, nikasema virusi hivi. Nikaweka sidii, nikafuta disiki yote, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi mashini ilikuwa imejizima na kujiwasha yenyewe, kama inavyofanya katikati ya kazi hiyo. Na kwenye skrini mistari miwili ilikuwa palepale, ileile. Virusi gani vinabaki kwenye disiki iliyofutwa?

Baba Shabani alinikuta nimesimama hivyo, bado ana vumbi la njiani. Alisogea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, akinigeuzia Kiswahili: "Inasema, ondoa disiki au kitu kingine kilichochomekwa, halafu bonyeza kitufe chochote." Akapitisha mkono nyuma ya kasha, katikati ya waya nilizochomeka mimi mwenyewe, akatoa kle ndogo nyeusi, ile tunayoita flashi. Akabonyeza kitufe. Mashini ikaendelea, nzima kabisa, haina hata kidonda, inajiwekea windows yangu mpya.

Ilikuwa kle ya vijana wa kwaya. Wiki ya mazishi waliichomeka ili wapige nyimbo, wakaisahau. Mama Evelina akaifunika mashini kitenge mwaka mzima, hakuigusa, kwa heshima ya msiba. Alipoiwasha, mashini ikatafuta programu kwenye kle kabla ya disiki, ikakuta nyimbo za kwaya, ikasema basi niondoleeni hii. Ndiyo ugonjwa wote. Mtoto wa miaka mitano angeuponya kwa vidole viwili.

"Mwenyewe alisema iko nini ndani?" Baba Shabani akaniuliza.

"Alitaka kusema."

"Na wewe?"

Mzee alizima mashini palepale, maana kila dakika ilivyoendelea kuandika ilizidi kufukia vilivyokuwa chini. Hilo nililijifunza siku hiyo, kwa bei ile. Saa tisa mama akaja, tukamwambia. Alikaa chini, akatueleza yote niliyokueleza. Hakulia. Alikuwa anakunja kile kitenge na kukikunjua.

Alhamisi mzee aliipeleka disiki Bujumbura kwa rafiki yake mwenye programu za kufukua vilivyofutwa. Akarudi Ijumaa jioni na nusu nusu za mitihani ya shule, picha zilizokatika, na sauti moja fupi. Sauti ndefu ilikuwa imeharibika. Nikamwambia sitaweza kwenda Gatete. Akaniangalia. "Utaenda. Utasimama mbele ya watu, utasema weye mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Jumamosi nilisimama, mwanangu. Ua mzima ulikuwa umejaa watu, mabinti watatu wamevaa sare mpya za kutoka kwenye msiba. Nikasema kwamba sauti ilikuwemo na mimi nimeifuta, kwa haraka zangu. Nikodemu akainuka: "Muliskia? Mutu wa mashini amesema ye mwenyewe. Iko mutupu. Hakuna kitu." Yaani maneno yangu ya kweli ndiyo yaliyomfaa yeye.

Baba Shabani akaomba watu wanyamaze, akapiga ile sauti fupi iliyobaki. Ilikuwa Mwalimu anajaribu kama mashini inashika sauti. "Alo, alo. Mama Evelina, hebu angalia, inanishika kweli?" Akakohoa. Kwa mbali mkewe akacheka. Basi. Binti mdogo aliuliza kwa sauti, "Baba anaendelea?" Nikodemu mwenyewe alilia, simsingizii. Kisha alifuta macho, wazee wakakaa kikao, na kabla ya alasiri michikichi ilikuwa yake.

Mama Evelina alitusindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na Wallahi ningefurahi. Akanipa chupa ya mawese, ya mavuno yake ya mwisho, akaishika mikono yangu yote miwili. "Mmesumbuka sana, dada. Murakoze," yaani asante. Baadaye nilisikia wamehamia Minago, anamenya mihogo ya watu, na binti mkubwa ameacha shule. Yale mawese sikuyapikia. Chupa iko rafuni nyuma yako, ile yenye kifuniko cha bluu, umeshawahi kuniuliza nami nikakufokea.

Sasa nisikilize. Mashini ikifika hapa, mpe mwenyewe kiti na umwache aseme mpaka achoke, hata akianzia kwa babu yake. Muulize nini kimo ndani ambacho akikipoteza atalia. Soma kilichoandikwa kwenye skrini. Kama Kiingereza kinakushinda, nakili kwenye karatasi ukaulize, hakuna aibu. Halafu chomoa kila kitu kisicho na kazi: kle, sidii, printa, vyote, ndipo uwashe. Ikiwa kimya kabisa, anza na waya na umeme wetu huu unaoruka ruka. Ikilia bila kuonyesha picha, toa baa za memori, safisha meno yake kwa gomu ya kufutia penseli, unyevu wa ziwa huyatia kutu. Pangusa vumbi, hasa kwa wanaokaa karibu na mashini ya kukamua mawese, moshi ule unaganda kama ugali. Disiki ikigonga tik tik, zima, usiilazimishe. Na uwaambie watu wasiifunike mashini mwaka mzima, waiwashe walau mara moja kwa mwezi.

Lakini kabla ya kufuta chochote, toa nakala. Nakala mbili, moja ikae nyumba nyingine. Huna pa kuweka nakala? Basi hufuti. Mwambie mtu asubiri, hata akununie, hata akakuite mzito sokoni. Mimi sasa naitwa hivyo na ninalala usingizi, usiku mwingine.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe riziki kwa mikono hiyo na akuzidishie masikio. Akunyime haraka. Wakuletee mashini zao na waondoke na vyao vyote, wakugombeze kwa kuchelewa. Na asikuonjeshe kamwe kushukuriwa kama nilivyoshukuriwa mimi barabarani Gatete.