Nukta Tisa za Kichochoroni

Pale kituo cha polisi walimwita Mama Nukta, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuchukua yaliyoandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha matukio na kuyaingiza kwenye kompyuta, kila tukio likawa nukta nyekundu kwenye ramani. Jumatatu asubuhi mkuu wa kituo aliitazama ramani ile, na palipojaa nukta ndipo alipopeleka doria. Mtaa usio na nukta, shauri yake.

Mama Nukta alikuwa na mkono mwepesi, hana mchezo na kazi. Tatizo moja tu: kulikuwa na kisanduku cha jina la mtaa, na kisipojazwa kompyuta haiendelei, hata uibembeleze vipi. Sasa mtu kaja anatetemeka, shati limechanika, anasema amekabwa kule nyuma ya mashine ya kusaga. Huo ni mtaa gani? Kichochoro kile hakijawahi kuwa na jina. Karani aliyemtangulia alimfundisha ujanja: usipojua mtaa, andika mtaa wa kituo, kompyuta itanyamaza. Akaandika. Mwaka mzima akaandika, mpaka ramani ikaonyesha kituo chenyewe kimezingirwa na wezi, na askari wakacheka wakisema basi wezi ni sisi wenyewe. Naye alicheka. Ndiyo, alicheka, na kicheko hicho kinamla mpaka leo.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake wa mwisho, kinyozi, kijana mwenye maneno mengi kuliko wateja. Kila jioni alifunga kibanda akakatiza kichochoro kile, mfuko wa mashine zake begani. Siku moja wakiwa wanakula alimwambia dada yake kwamba pale panamtia wasiwasi. Kesho yake Mama Nukta akaangalia ramani. Kichochoro kilikuwa cheupe, hakina hata nukta moja.

"Pako shwari," alimwambia jioni. "Acha uoga, wewe."

Akaacha. Nani anajua kuliko Mama Nukta?

Alhamisi iliyofuata, saa moja jioni, walimkaba wakiutaka ule mfuko. Aling'ang'ania. Alifia hospitali kabla dada yake hajafika.

Msiba ulipokwisha akarudi kazini, akakuta kitabu kinamsubiri, hakuna aliyekigusa. Akamfikia mdogo wake: kinyozi, miaka ishirini na sita, nyuma ya mashine ya kusaga. Kufika kwenye kile kisanduku, vidole vikaanza vyenyewe kuandika mtaa wa kituo. Hapo akaviondoa kwenye kompyuta.

Akafunua kurasa za nyuma, mwezi baada ya mwezi. Watu tisa. Tisa walikuja pale kituoni kukitaja kichochoro kile, wote akawaweka mlangoni kwa polisi. Akaziburuta nukta zao kwenye ramani moja moja mpaka kichochoroni, na kila moja haikumchukua hata dakika. Ya kumi ilikuwa ya mdogo wake. Mkuu wa kituo aliitazama ramani, akamwambia Mama Nukta kwamba alifanya alivyofundishwa, kisha akatuma doria siku ile ile. Hakumkaripia. Bora angemkaripia.

Jioni, nyumbani, Mama Nukta alimkuta mama yake amesimama mlangoni, anawatazama askari wawili wakielekea kule nyuma ya mashine.

"Leo ndiyo wamekuja," mama alisema. "Laiti mtu angewaambia mapema, mwanangu."

Angeweza kunyamaza. Mama asingejua maisha yake yote, na roho ilimtuma anyamaze.

"Waliambiwa, mama. Watu tisa walikuja kusema. Mimi ndiye niliyewaandika."

Mama akageuka, akamwangalia kama anamtafuta.

"Uliwaandika wapi?"

Mama Nukta akakaa chini kizingitini, akaanza kumweleza.