Siku Wamama wa Soko Tulipofumaniwa na Bei

Kuna aibu za kuficha na kuna zile soko zima lilishuhudia, kwa hivyo acheni niwasimulie hii mwenyewe, maana mkiisikia kwa Mama Risper, mwenyekiti wetu, itakuwa imetiwa chumvi mpaka hailiki.

Mimi nauza mchele hapa Kisumu, na sokoni wananiita Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero, kwa kuwa huko ndiko nilikozaliwa. Basi ada ya soko tunayolipa kila asubuhi ikapanda ghafla, yaani tulilala tukiijua na tukaamka imekuwa mara mbili, na wamama wa nyanya wakaanza kusema watafunga vibanda warudi nyumbani. Tukasikia afisa mpya anakuja kutusikiliza, tena mtu wa Mombasa, kumaanisha Kiswahili chake ni kile cha kupigwa pasi. Mama Risper akauliza nani ataongea, na mimi, kwa kujipenda, nikainua mkono. (Shuleni nilipata B ya Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza, lakini niliwatangazia.)

Ningesema "ada imepanda" nikakaa chini, leo ningekuwa mtu na heshima zake. Lakini hilo niliona ni neno la watu wa kawaida. Redioni huwa nasikia "mfumuko wa bei", neno limeshiba, nikajua hilo ndilo litamtingisha. Shida ni kwamba kitenzi chake sikukijua, na kuuliza, na hiyo B yangu, ningemuuliza nani? Nikajitengenezea.

"Mheshimiwa," nikaanza, kifua mbele, "sisi wamama wa soko hili tumefumaniwa!"

Afisa akainua kichwa haraka. Nikasema moyoni, limeingia.

"Tumefumaniwa vibaya! Zamani tulivumilia, lakini sasa tunafumaniwa kila asubuhi, hapa hapa vibandani, hata wajane! Hata mwenyekiti wetu, mama wa kanisa, jana alifumaniwa mbele ya wateja!"

"Ni kweli, Baba," Mama Risper akaitikia kwa uchungu. "Na walikuja wawili." (Alimaanisha makarani wa tiketi za ada.)

Wamama wakapandwa na mori, wakaanza kupiga sufuria na kuimba, "Tumefumaniwa! Tumefumaniwa!" nami nikiongoza, mkono juu, na simu zote zikirekodi. Afisa akafunika uso kwa faili, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia kwa huruma, nikamwonea huruma pia.

Alipopata sauti akasema polepole, "Mama, poleni. Lakini kufumaniwa ni mtu kukutwa na asiye mume wake. Nadhani mlitaka kusema ada imefumuka."

Sufuria zikanyamaza. Mama Risper akanigeukia taratibu.

"Yawa, Nyar Ahero! Na mimi nimesema walikuja wawili?"

Mkutano ukaishia hapo. Kila aliyejaribu kutaja ada alimfanya mwenzake aangue kicheko, na afisa akaondoka akijipangusa machozi bila kuahidi chochote. Hapo ndipo iliponiuma kweli, kwa sababu wale wa nyanya hawakuwa wakicheka.

Kufika kwangu mtaa wa Kaloleni, video ilikuwa imeshatangulia mpaka Bondo, ambako mume wangu anafanya kazi ya uashi. Simu ikalia.

"Mama Akinyi, nasikia umefumaniwa."

"Ni bei, Baba Akinyi! Bei tu!"

"Huyo Bei ni mtu wa wapi?"

Jumamosi alikuja mwenyewe kunitazama, na ilibidi Mama Risper aitwe kama shahidi, ingawa mume wangu alisema huyo naye kesi yake ni kubwa kuliko yangu.

Basi nimeapa. Bei ikipanda nitasema imepanda, na ikinishinda nitasema kwa Dholuo, nani atanifunga? Wawili kati ya wale wa nyanya walishafunga vibanda, na ada haikushuka hata shilingi. Kila asubuhi karani anakuja na kitabu chake cha tiketi, anatabasamu, ananiuliza, "Mama, leo tukufumanie saa ngapi?" Nami, na B yangu, natoa pesa na kunyamaza.